Matundu Thelathini na Moja ya Bi Shekha

Kigomeni ni mji mdogo kati ya Takaungu na Kilifi. Una msikiti mmoja wenye mnara mfupi, banda la samaki lililoezekwa mabati na nyumba zisizozidi mia mbili. Ukiuliza historia yake utaambiwa uende Kilifi ukatafute vitabu, lakini vitabu hivyo havipo. Historia ya mji wetu ilikaa mwambani, chini ya maji, katika matundu ya pweza, na aliyekuwa nayo kwa wingi kuliko wote ni Bi Shekha binti Abdillahi, aliyefariki mwaka jana mwezi wa Novemba akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Wanaume wa Kigomeni huvua kwenye kina kirefu. Mwamba ni wa wanawake. Mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, huja maji ya bamvua. Maji hayo hupwa mbali sana, na kuanzia saa tatu asubuhi mwamba wote huwa wazi kama uwanja. Hapo wanawake hushuka kila mmoja na mchokoo wake, chuma chembamba chenye ncha, kuwatoa pweza katika maficho yao. Pweza hakai popote tu. Huchagua tundu lenye mlango mwembamba na chumba kipana ndani, na huyo akitolewa, baada ya siku chache mwingine huhamia. Tundu zuri, wasema wenyewe, halikai wiki mbili bila mpangaji. Kwa hiyo mwanamke mwenye matundu anayoyajua peke yake huhesabiwa kwetu kama mwenye minazi.

Kila tundu lina jina, na kila jina limetokana na jambo lililotokea hapo. Mama humrithisha binti yake, lakini hamwelezi nyumbani. Humchukua mwambani, binti akikanyaga pale pale alipokanyaga mama, na wakifika penye tundu mama hulionyesha kwa kidevu, si kwa kidole, kisha hutaja jina na kusimulia kisa chake. Nchi kavu jina hilo halitajwi. Likitajwa, pweza huhama na harudi tena. Ndivyo walivyoamini bibi zetu, na Bi Shekha aliamini hivyo mpaka mwisho. Kwa sababu hiyo majina yenyewe sitayaandika hapa. Karatasi nayo ni nchi kavu.

Bi Shekha alionyeshwa matundu thelathini na moja alipokuwa na miaka kumi na mitatu. Aliolewa na dereva wa lori la chumvi, akazaa naye mtoto mmoja, Rufaida, na dereva akafariki mtoto akiwa na miaka minne. Tangu hapo pweza ndiye aliyeilisha nyumba ile. Sisi tuliokulia jirani tulizoea kusikia mshindo wake mchana: pweza akipigwa juu ya jiwe mara arubaini ili alainike, na Bi Shekha akihesabu kwa sauti kama mwalimu wa chuo cha Kurani.

Rufaida naye alipofika miaka kumi na mitatu alianza kuuliza.

"Mama, lini utanipeleka mwambani?"

"Kufanya nini?"

"Kunionyesha. Wenzangu wote wameshaonyeshwa."

"Wenzako wataoza miguu kwa chumvi. Wewe shika kalamu."

"Nitashika vyote viwili."

"Kwa mikono mingapi? Pweza ana minane. Wewe una miwili."

Rufaida alicheka, lakini aliuliza tena bamvua iliyofuata, na iliyofuata, mpaka siku moja mama yake akamjibu bila mzaha: "Ukiyajua matundu hutatoka hapa. Mimi niliyajua, nikakaa." Baada ya siku hiyo binti hakuuliza tena. Alisoma, akawa mwalimu, akapelekwa kufundisha Marafa, huko bara, ambako maji mengi kuliko yote ni yale ya tangi la shule.

Matundu yakabaki bila mrithi. Bi Shekha hakuonekana kujali. Alikuwa bado na nguvu, na alikuwa na vita vyake vingine, navyo vilikuwa na Sidi.

Sidi alikuja Kigomeni na mumewe, Fondo, fundi wa kuezeka makuti, kutoka upande wa Magarini. Ni Mgiriama wa mashamba. Hakuwa na mama wa kumwonyesha hata tundu moja, wala hakuna mwanamke wa Kigomeni aliyefikiria kumwonyesha. Akaamua kujifunza kwa macho. Kila bamvua alimfuata Bi Shekha kwa umbali wa hatua mia mbili, akijifanya anaokota kome. Bi Shekha alipoinama, Sidi alitazama. Bi Shekha alipoondoka, Sidi alikwenda pale.

Bi Shekha akabuni hila. Tundu lenye pweza hujulikana kwa takataka zake, kwani pweza akila hutupa mlangoni maganda ya kaa na kome. Basi Bi Shekha akaanza kuifagia milango ya matundu yake. Maganda aliyatia kikapuni, akaenda kuyamwaga mbele ya mashimo matupu, na kuyabana kwa mawe yasichukuliwe na wimbi. Kwa miaka minane kazi hiyo aliifanya kila bamvua, bila kuchoka. Sidi alionekana akichokoa mashimo matupu hadi maji yanamfika magotini.

Bandani, wanawake walikuwa wakiwasubiri wawili hao kama wanaosubiri mchezo wa redio.

"Sidi," Bi Shekha angeuliza huku akiosha pweza wake watano, "wako leo wako wapi?"

"Nimekuta wamekwenda harusini, Mama."

"Basi ngoja mwaliko."

"Nitangoja. Sisi wa mashambani hatuna haraka. Mahindi yenyewe hutuweka miezi mitatu."

Wanawake wangecheka, na Sidi angecheka pamoja nao. Bi Shekha hakucheka. Sidi akiisha kuondoka, alikuwa akimwita mwizi wa nyayo, na jina hilo likamganda.

Mwaka jana mwezi wa Januari, mwiba ulimchoma Bi Shekha mguu wa kushoto mwambani, naye hakuusikia. Alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi, na nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi. Alitembea na mwiba ule bamvua mbili nzima. Kidonda kilipoonekana kilikuwa kimeshaingia ndani. Rufaida aliomba ruhusa shuleni, akaja kumpeleka Kibarani, mtaa wa Kilifi, kwa ndugu wa mama yake, ili awe karibu na hospitali kwa kusafishwa kidonda. Walidhani ni wiki tatu. Ikawa miezi kumi. Katika miezi hiyo macho yake nayo yakaanza kufifia, na Kigomeni hakufika hata mara moja.

Siku ya Jumatano moja ya Novemba daktari aliwaita wote wawili akawaambia kwa upole kwamba mguu hauponi. Ungekatwa chini ya goti, Jumatatu.

Walirudi Kibarani. Walipofika Bi Shekha alimwambia binti yake, "Kesho mwezi utaandama. Jumamosi maji yatapwa chini kabisa. Utanipeleka Kigomeni."

"Mama, daktari amesema kidonda kisiguse maji."

"Mguu wenyewe wanautupa Jumatatu. Waogopa nini, usichafuke kabla ya kutupwa?"

"Naogopa wewe."

"Mimi naogopa kitu kingine. Mama yangu alinipa majina thelathini na moja. Nikilala kwenye kitanda kile nikaamka na mguu mmoja, nitayapeleka wapi? Mwamba haupandwi kwa magongo."

Rufaida alikaa kwenye mkeka. Alikuwa na miaka thelathini na sita, na wanafunzi wake wa Marafa walikuwa wakimwogopa, lakini sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtoto. "Nilikuomba nikiwa na miaka kumi na mitatu. Nilikuomba mara ngapi?"

"Nakumbuka, mwanangu."

"Mbona leo?"

"Kwa sababu leo nimebakiwa na Jumamosi moja."

Jumamosi asubuhi Umair, mtoto wa kaka yake Bi Shekha, aliwangoja ufuoni na hori lake, mtumbwi mdogo wa kafi. Kati ya ufuo na mwamba kuna mkondo ambao haukauki, na Bi Shekha asingeweza kuuvuka kwa miguu. Mguu wake ulikuwa umefungwa kwa bendeji, juu yake mifuko miwili ya plastiki, na juu ya mifuko buti la mpira la mwanamume. Umair alimbeba akamweka horini.

"Shangazi, umepungua. Zamani ungelizamisha hori langu."

"Zamani ningekuzamisha wewe kwanza. Piga kafi."

Aliwashusha upande wa pili saa tatu na robo, akabaki kulishika hori mkondoni. Bi Shekha alisimama, mkono mmoja juu ya bega la Rufaida, mwingine umeshika mchokoo. Akavuta harufu ya mwamba. Rufaida anasema hakuwahi kumwona mama yake na uso ule.

Kulipata tundu la kwanza kulikuwa na kanuni. Unaipa bahari mgongo, unatazama mjini, unasogea kushoto au kulia mpaka mnara wa msikiti usimame juu ya kilele cha mti mmoja mrefu wa mvinje uliokuwa ufuoni. Hapo ulipo, hatua kumi mbele, ndipo penye tundu. Mengine yote yalipimwa kutoka hilo.

Bi Shekha aligeuka kutazama mji. Alitazama kwa muda mrefu.

"Msikiti uko wapi?"

"Uko nyuma ya ghorofa lile, Mama. Mtu kutoka nje amenunua kiwanja, amejenga."

"Na mvinje?"

"Walipojenga waliukata."

"Hukuniambia."

"Sikujua kwamba wauhitaji," alisema Rufaida.

Angejuaje, wakati hajaonyeshwa?

Bi Shekha alisema haidhuru, atayatafuta kwa alama za mwamba wenyewe. Lakini miezi ile kumi ilikuwa imepita pia mwambani. Joto la mwaka ule lilikuwa limeua matumbawe, yakapauka, kisha yakaota ukungu wa kijani, na mahali palipokuwa na rangi tatu palikuwa na rangi moja. Macho yake hayakuona zaidi ya hatua tano. Akasema, "Nitazamie maganda. Penye maganda pana pweza."

Rufaida aliona rundo la maganda ya kaa. Wakaenda, polepole, buti likijaa maji. Bi Shekha aliingiza mchokoo. Hapakuwa na kitu. Wakaona rundo jingine, mbali kidogo. Napo patupu. La tatu liliwachukua karibu nusu saa kulifikia, kwa kuwa Bi Shekha alilazimika kuketi mara mbili. Alipoinama safari hii hakuingiza mchokoo. Alipapasa maganda kwa vidole, akagusa mawe yaliyoyabana, moja hapa na moja pale, yamepangwa vizuri.

"Hii ni mikono yangu," alisema.

Aliketi pale pale katika maji ya kina cha kiganja, akaanza kucheka, na Rufaida hakujua amshike wapi. Mama yake alikuwa amemtembeza mwambani saa nzima na zaidi, na kila penye alama palikuwa ni uongo alioujenga mwenyewe ili kumpoteza Sidi. Milango ya kweli aliifagia kwa miaka minane. Hakuibakizia hata ganda moja, na machache yaliyotupwa tangu aondoke hayakuonekana mbele ya marundo yale ya uongo.

Saa tano ilikuwa imekaribia. Maji yalikuwa yamesimama, na kwetu maji yakisimama hatuwi na muda mwingi.

Rufaida aliinua macho akamwona Sidi. Alikuwa kwenye ukingo wa nje wa mwamba, pweza watatu wakining'inia kwenye chuma chake, amesimama anawatazama kama alivyowatazama tangu walipofika.

"Mama, Sidi yuko kule."

"Najua yuko. Lini hakuwepo?" Kisha, bila kugeuka: "Mwite."

Sidi alikuja taratibu, kama mtu aliyeitwa kwa chifu. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Sidi, matundu yangu unayajua?"

Sidi alimtazama Rufaida, akalitazama buti. "Hapa mwambani sisemi uongo. Ishirini na tisa nayajua. Mawili umenishinda."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa tatu. Nilipoona maganda yamebanwa kwa mawe nikasema, pweza hajui uashi. Nikaanza kutafuta milango iliyofagiliwa. Pweza gani huyo anayefagia nyumba?"

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Uliniita mwizi, na mimi nilikuwa naiba." Sidi aliwaweka pweza wake chini. "Nilikuwa nachukua nusu tu, Mama, ukishaondoka, na kuwauza Takaungu. Uliporudi hukukosa."

Bi Shekha alifikiri. Rufaida aliyaona maji yakianza kuingia kwenye mifereji midogo ya mwamba, kimya kimya.

"Nipeleke," alisema Bi Shekha.

Sidi hakuuliza wapi. Aliinama, akampa mgongo, Bi Shekha akapanda kama apandavyo mtoto, na mwizi wa nyayo akatangulia, Rufaida akifuata na kukanyaga alipokanyaga yeye.

Walifika penye tundu la kwanza. Sidi alimshusha Bi Shekha juu ya jiwe, akajitenga hatua ishirini, akageukia bahari. Hakuambiwa afanye hivyo. Bi Shekha alimvuta binti yake karibu, akamtajia jina sikioni, na kisa: bibi harusi aliyejificha hapo siku ya ndoa yake tangu maji yapwe, akatolewa na maji yaliyokuwa yakijaa, wala si na baba yake. Sidi akarudi, akainama, wakaenda. La pili lilikuwa la mwaka wa kipindupindu, wazima walipokuja kukaa mwambani kila maji yalipopwa ili wawe mbali na nyumba zenye wagonjwa. La tatu ni la mwanamke aliyezaa hapo hapo, akarudi mjini na mtoto kikapuni na pweza mkononi, na mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa mwadhini wetu kwa miaka hamsini. Na kila mara Sidi alishusha, akajitenga, akarudi, akabeba. Muda ukaenda.

Kwenye tundu la nne Rufaida alimzuia asiondoke.

"Mama, mimi nitarudi Marafa. Nitakuja likizo, mara tatu kwa mwaka, kama maji yatalingana na likizo. Anayekubeba ndiye atakayekuwa hapa. Mtajie na yeye."

"Mama yangu angenilaani."

"Mama yako angeyaona haya maji."

Maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu. Bi Shekha alimtazama Sidi, au upande alikodhani yuko. "Mama yako alikuwa nani?" aliuliza.

"Nyevu. Alikuwa mfinyanzi wa vyungu."

"Alikurithisha ufinyanzi?"

"Alifariki nikiwa mdogo, Mama. Hakuwahi."

Bi Shekha alinyoosha mikono. Akapanda mgongoni. Tundu hilo la nne alilitaja akiwa juu ya mgongo wa Sidi, kwa sauti ya kawaida, na hakushuka tena. Sidi akawa anakwenda kwa kasi aliyoweza, mzigo wake ukisema juu ya bega lake. Rufaida alikuwa akirudia kila jina kwa midomo. La tano, la sita, la saba. Yumo mwanamke aliyeletewa mke mwenza akaja kulipiga jiwe mpaka likapasuka. Umo mwaka wa vita vya Wazungu, wavulana wawili wa Kigomeni walipochukuliwa na hawakurudi. Maji yakafika nusu ya muundi. La nane, la tisa, la kumi.

Kwenye la kumi na moja Bi Shekha alisema, "Hili nililibadilisha jina mimi." Akalitaja. Kisha akamwambia Rufaida kisa: siku alipomkataza asiulize tena habari za mwamba, alikuja hapa peke yake, akakaa mpaka maji yakamfika kifuani, kwa sababu alijua amefanya sawa na hakuweza kuvumilia.

Rufaida alilirudia jina lile mara mbili. Umair alikuwa akipiga mbinja kutoka mkondoni, mara ya tatu sasa. Sidi alisema, "Mama, la kumi na mbili liko mbali, na mimi sijui kuogelea."

"Rudi," alisema Bi Shekha. "Bamvua nyingine ipo."

Jumatatu walimkata mguu. Alhamisi Sidi alipanda gari akaenda hospitali Kilifi na bakuli la pweza wa nazi. Bi Shekha alikula vijiko vitatu, akasema nazi ni nyepesi. Sidi akasubiri Rufaida atoke nje kwenda kwa muuguzi, kisha akasogeza kiti.

"Mama, yamebaki kumi na nane katika yale ninayoyajua. Nong'ona tu. Hapa hakuna atakayesikia."

"Hapa ni wapi?"

"Hospitali."

"Basi hapa ni nchi kavu."

"Pweza wakihama nitavumilia. Nitaokota kome."

"Sihofii pweza, mwanangu." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Nikikutajia hapa utashika maneno tu. Hutajua lipi ni la wapi. Bamvua ni lini?"

"Jumamosi ya wiki ijayo. Siku tisa."

"Utanibeba. Safari hii nitakuwa mwepesi zaidi, wamenipunguzia."

Sidi alicheka kwa kuwa aliona Bi Shekha anataka acheke.

Jumatatu iliyofuata, siku tano kabla ya bamvua, Bi Shekha alifariki alfajiri. Daktari alisema ni moyo, umechoshwa na sukari ya miaka mingi. Rufaida hakupinga, lakini mpaka leo hajaacha kujiuliza kuhusu lile buti lililojaa maji. Tulimzika Kigomeni siku hiyo hiyo baada ya swala ya alasiri, na Sidi, ambaye si Mwislamu, alikaa na wanawake uani siku zote tatu za matanga, akichota maji na kuosha sahani.

Wanawake wengine walimuuliza Rufaida, kwa nini hukuyaandika mama alipokuwa akiugua Kibarani? Miezi kumi, na wewe ni mwalimu. Rufaida aliwauliza kama wangeuliza swali hilo mama yao ndiye angekuwa kitandani. Wakaacha kumuuliza, kwa kuwa nao wana matundu, na hakuna hata mmoja aliyeyaandika.

Baada ya arubaini ya Bi Shekha, shule zikiwa bado zimefungwa, bamvua iliangukia siku ya Jumapili. Sidi hakwenda kanisani. Alimpitia Rufaida saa mbili na nusu, akiwa na michokoo miwili, wakavuka na Umair, wakashuka mwambani. Walianza na yale kumi na moja. Rufaida aliyataja moja baada ya jingine, na alipokosea la sita Sidi alimsahihisha. Walitoa pweza wanne.

Kisha wakatembea upande wa kusini, mahali ambapo Rufaida hakuwahi kufika. Sidi akasimama, akaonyesha tundu la kumi na mbili kwa kidevu. Lilikuwa pana, zuri, na mlango wake ulikuwa umejaa maganda, kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kuufagia. Rufaida akasubiri. Alijua hakuna jina wala kisa kinachokuja, lakini alisubiri, na Sidi naye akasubiri pamoja naye, chuma kikiwa mkononi. Maji yaliingia na kutoka mlangoni mwa tundu.

"Na hili ni zuri kuliko yote," alisema Sidi mwishoni. Akapiga goti, akaingiza mchokoo.